Gari la kifahari kwa bei ya kutupa: uliza ugonjwa wake kwanza

KILA asubuhi gari lilikuwa limeinama upande wa nyuma kushoto. Likiwashwa linainuka polepole, na mwenyewe anaondoka. Mfanyabiashara huyu wa vitunguu, anayevusha mzigo Namanga, alilinunua kwa mtu waliyejuana sokoni, kwa bei ya Toyota ya kawaida, akaamini kuinama kule ndiyo tabia ya magari ya wakubwa. Mwezi wa pili halikuinuka tena. Gharama aliyotajiwa na fundi ilikuwa sawa na mtaji wa safari mbili za vitunguu.

Ugonjwa huo unajulikana. Range Rover, Discovery 3 na 4, pamoja na Mercedes-Benz nyingi za daraja la S, hubebwa na mifuko ya hewa badala ya springi za chuma. Mpira ukizeeka hufanya nyufa, hewa ikavuja, na kompresa inayohangaika kuijaza nayo ikaungua. Kupima hakuhitaji fundi. Omba gari lilale mahali tambarare, ulione alfajiri kabla halijawashwa. Muuzaji akikataa, mshukuru uende zako.

Gari lililokuwa ghali likiwa jipya hushuka bei haraka, lakini vipuri vyake havishuki. Hapo ndipo wengi wetu tunapoumia.

Na swali la kumwuliza fundi si kama BMW au Mercedes ni gari zuri. Uliza injini gani iko ndani. Injini ya dizeli ya BMW ya lita 2 iitwayo N47, iliyoanza kutumika 2007, inajulikana kwa cheni ya taimingi kulika mapema. Cheni hiyo iko nyuma, upande wa giaboksi, kwa hiyo kuibadilisha ni kazi kubwa inayoweza kulazimu injini nzima kushushwa. Sikiliza kelele ya kukwaruza injini ikiwa baridi. Ukikuta muuzaji ameshaipasha moto kabla hujafika, rudi siku nyingine bila taarifa. Kwa Mercedes zenye injini ya petroli ya V6 iitwayo M272, zile za mwanzo, kuanzia 2004, zina gia ya ndani inayolika kabla ya wakati. Baadaye kiwanda kilibadilisha gia hiyo, na namba ya injini ndiyo inayotofautisha zilizorekebishwa na zisizorekebishwa.

Lipo pia jambo la uhai. Mifuko ya usalama iliyotengenezwa na kampuni ya Takata ya Japani imefanya mamilioni ya magari duniani yaitwe kurekebishwa, zikiwemo BMW, Mercedes na Toyota. Joto na unyevu wa miaka mingi huharibu kemikali yake, na mfuko ukifyatuka unaweza kurusha vipande vya chuma usoni mwa dereva. Mtu wa Mombasa au Dar es Salaam anajua joto na unyevu ni nini. Chukua namba ya chasisi, iingize kwenye tovuti ya mtengenezaji au mpelekee wakala wake, uulize kama kazi hiyo ilifanyika.

Kwa gari linalotoka mnadani Japani, dai karatasi ya mnada. Alama ya R au RA maana yake liligongwa likatengenezwa, na kilomita zilizoandikwa pale zilinganishwe na za kwenye dashibodi.

Mwisho, mpaka. Gari halali upande mmoja laweza kukwama upande wa pili: Kenya haipokei mtumba uliozidi miaka 8, Uganda tangu 2018 imezuia kuingizwa yaliyozidi miaka 15, na Rwanda, inayoendesha kulia, hairuhusu kuingiza usukani wa kulia. Anayenunua ili auze ng'ambo aulize hayo kabla ya kutoa hata shilingi ya kishika uchumba.

Yule wa vitunguu bado gari lake liko gereji. Siku tulipoonana alikuwa amekuja na Probox ya kaka yake, magunia hadi kwenye kiti cha mbele.