Duka la Ugenini Ni la Nani?

Wengi wa ndugu zetu waendao Dubai kununua bidhaa hurudi na hamu ya kufungua duka kule kule. Hamu hiyo hatuilaumu. Twauliza tu: hati itaandikwa jina la nani?

Kwa miaka mingi sheria ya Falme za Kiarabu ilitaka mwenyeji awe na asilimia 51 ya kampuni, isipokuwa katika maeneo huru ya biashara kama Jebel Ali. Mara nyingi mgeni alitoa fedha zote. Mwenyeji alitoa jina lake, akalipwa ada kila mwaka. Walipogombana, mgeni alibaki na mapatano ya pembeni, na mwenyeji alishika hati ya serikali.

Tangu tarehe 1 Juni, 2021, sheria yamruhusu mgeni kumiliki kampuni nzima katika kazi nyingi, ingawa si zote. Basi mtu akikwambia leo kwamba huna budi kumpa zaidi ya nusu ya mali yako, mwombe akuonyeshe kifungu. Madalali, twajua, hawalipendi swali hilo. Wala usisahau kuwa leseni hutolewa kwa kazi iliyotajwa, na kwamba visa ya matembezi haimruhusu mtu kusimama dukani akauza.