Raketi Pacha? Hapana Jamani!
Wapenzi wengi mnaoanza pikoboli, mchezo uliozaliwa Marekani mwaka 1965, mnanunua raketi za kufanana ili mpendeze. Kupendeza sawa, ila mikono haifanani! Raketi nene ya milimita 16 inameza kishindo cha mpira. Inamfaa anayependa kuudondosha taratibu karibu na neti. Ya milimita 13 au 14 inautoa mpira kwa kasi, inamfaa mpenda makombora, ila ukiugonga pembeni unapotea njia. Mimi natumia nene, mume wangu nyembamba: mimi natuliza, yeye anamaliza. Kila mtu na yake, na lawama uwanjani zimepungua. Jaribuni zote kabla ya kutoa hela. Na msichaguliane!