Kuvuka Bahari kwa Boti: Kutoka Dar es Salaam hadi Mlandege

Kati ya bandari ya Dar es Salaam na gati la Malindi mjini Unguja kuna takriban kilomita 70 za bahari. Boti za siku hizi huzimaliza kwa muda wa saa mbili hivi, na kwa sababu ya ufupi huo abiria wengi huipanga safari hii kama wanavyopanga ya basi. Hata hivyo ni safari ya baharini, na anayeipanga vizuri huanza na upepo, kisha ndipo hufika kwenye tiketi.

Pepo mbili kuu ndizo zinazotawala mwambao. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi. Kusi hushika baada ya hapo na kuendelea hadi Septemba, nayo huwa kali zaidi katika miezi ya Juni, Julai na Agosti. Oktoba na Novemba, wakati wa matlai, bahari mara nyingi hutulia. Unguja iko kaskazini ya Dar es Salaam, kwa hiyo wakati wa kusi boti inayokwenda Unguja husukumwa na mawimbi kutoka tezi, na safari huwa nyepesi kiasi. Inaporudi, omo hukabiliana na mawimbi hayohayo, na hapo ndipo abiria wengi hutapika. Wakati wa kaskazi mambo hugeuka. Mtu anayeumwa na bahari akilijua hili, hujua pia ni safari ipi ajiandae nayo zaidi, ya kwenda au ya kurudi.

Utabiri wa bahari hutolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ambayo hutangaza tahadhari kunapotarajiwa upepo mkali na mawimbi makubwa. Tahadhari hizo zina uzito wake. Tarehe 18 Julai 2012, katikati ya msimu wa kusi, MV Skagit iliyotoka Dar es Salaam ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe. Miezi kumi kabla yake, usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilizama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, ikiwa imepakia watu kupita uwezo wake. Kila mojawapo ya misiba hiyo miwili iliua watu wengi, na majonzi yake hayajaisha visiwani. Funzo kwa abiria liko wazi: chombo kilichojaa kupita kiasi hakipandwi, na safari ikiahirishwa kwa sababu ya upepo, uamuzi huo uheshimiwe. Mwenye harusi, mtihani au ndege ya kuunganisha aache nafasi ya siku moja kati ya kuvuka na shughuli yake.

Vyombo ni vya aina mbili. Boti za mwendo kasi, kama Kilimanjaro za Azam Marine na zile za Zan Fast Ferries, hubeba abiria na mizigo midogo. Meli kubwa za mwendo wa polepole hubeba pia magari na shehena, na baadhi yake huendelea hadi Mkoani, Pemba. Miongoni mwa meli za aina hiyo ni Azam Sealink. Kwenye boti, tiketi ya daraja la kawaida humtosha msafiri wa saa mbili. Daraja la juu humpa utulivu na viti vipana zaidi.

Tiketi hununuliwa kwa mtandao au katika ofisi za kampuni zilizo bandarini, Barabara ya Sokoine, karibu na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu. Vishoka wanaomlaki abiria barabarani waepukwe, kwa kuwa hana pa kudai haki yake tiketi ikikataliwa getini. Nauli ya mgeni wa nje huwa juu ya ile ya raia na mkaazi. Saa za kuondoka nazo huhitaji jicho: 07:00 iliyoandikwa kwenye tiketi ni saa 1 asubuhi. Siku za kuelekea Idd, mapumziko ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari na wiki ya tamasha la Sauti za Busara, viti hujaa mapema.

Jina kwenye tiketi lifanane na lile la kitambulisho. Raia husafiri na kitambulisho cha taifa, cha Mzanzibari Mkaazi au pasipoti. Mgeni kutoka nje hukaguliwa pasipoti na maofisa wa uhamiaji huko Malindi ingawa hajatoka Tanzania, na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 wageni wanaoingia Zanzibar hutakiwa kuwa na bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar.

Siku yenyewe, kufika bandarini saa nzima kabla ya kuondoka hutoa nafasi ya ukaguzi wa mizigo. Mchukuzi apatanwe bei kabla hajainua begi. Fedha, dawa na karatasi muhimu zibaki mkononi. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku pande zote mbili. Anayeumwa na bahari ale kidogo, anywe dawa kabla ya kupanda, akae sehemu ya chini katikati ya boti, ambako mtikisiko ni mdogo, na aelekeze macho kwenye upeo wa bahari. Kila abiria atazame mapema jaketi la kuokolea na mlango wa dharura viko wapi.

Boti ikikaribia Unguja, kulia huonekana Chumbe na mnara wake wa taa wa mwaka 1904, kisha mbele hujitokeza Mji Mkongwe. Nje ya geti la Malindi papasi na madereva wa teksi husubiri. Mwenye mizigo midogo anaweza kwenda Mlandege kwa miguu, kwa mwendo usiofika nusu saa.

Mlandege ni mtaa wa maduka nje kidogo ya Mji Mkongwe, jirani na Darajani, na wafanyabiashara wa bara huja huko kununua bidhaa. Mtu aliyevuka kwa boti ya saa 1 asubuhi na kurudi ile ya alasiri hupata saa tano hivi za shughuli. Ijumaa hupungua, kwa sababu maduka mengi hufungwa wakati wa sala. Risiti zitunzwe: bidhaa zinazotoka Zanzibar hukaguliwa na Mamlaka ya Mapato Tanzania bandarini Dar es Salaam, na za biashara huweza kudaiwa kodi. Gharama hiyo ihesabiwe pamoja na nauli kabla ya kununua, ili faida iliyopatikana Mlandege isiishie gatini.