Jicho la Simu na Mwezi Mwandamo

Jioni ya mwezi 29 Shaabani, mara lichwapo jua, vijana wa Arusha husimama mahali palipo wazi wakaelekeza nyuso zao magharibi, upande wa milima ya Monduli, nao Mlima Meru ukiwa kuliani mwao. Siku hizi kila mmoja ana simu mkononi. Jioni moja ya namna hiyo mwanafunzi wetu alitujia mbio, akatuonyesha picha ya mwezi mwembamba, safi kama uliochorwa kwa kalamu. Tukamwuliza, "Mwanangu, umeuona kwa macho yako?" Akanyamaza kidogo, kisha akajibu, "La, Maalim. Mimi sikuuona. Simu ndiyo iliyouona."

Jibu hilo ndilo lililotutia kuandika maneno haya, kwani mji mzima waweza kufunga kwa ushahidi wa watu wachache.

Elimu ya kamera si ngeni kwa Waislamu. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965, alieleza katika Kitab al-Manazir kwamba jicho huona kwa nuru itokayo katika vitu na kuliingia. Tena alichunguza nuru ipitayo tundu dogo na kuingia katika chumba chenye giza. Kamera zote zafuata njia hiyo. Simu ya Sharp J-SH04, iliyouzwa Ujapani mwaka 2000, ilikuwa na nukta 110,000 tu za kupokea nuru. Baadhi ya simu za leo zina nukta milioni 200.

Lakini wingi wa nukta si siri yote. Tundu la simu ni dogo mno, na nuru iingiayo ni chache. Basi simu hupiga picha nyingi kwa mfululizo, huzipanga moja juu ya moja, hufuta chengachenga na kung'arisha penye giza. Ndiyo sababu Meru wakati wa Magharibi huonekana pichani kana kwamba ni alasiri. Hapo simu imekusanya nuru iliyokuwapo kweli.

Liko na jambo la pili. Zimo programu zilizofunzwa kwa picha nyingi mno, hata zikaweza kutambua uso, mti au mwezi, kisha zikatia kile zinachodhani chapasa kuwapo. Mwezi Machi 2023 mtu mmoja aliififisha makusudi picha ya mwezi, akaiweka katika kioo cha kompyuta, akaipiga gizani kwa simu ya Samsung. Picha ikatoka na alama za mabonde zisizokuwamo! Kampuni yenyewe ilieleza kwamba simu zake huutambua mwezi, tangu ukiwa mwembamba hata ukawa mpevu, kisha huuzidishia uwazi. Wanunuzi hupenda picha nzuri, nao wamepewa. Lakini picha nzuri ni jambo moja, na ushahidi ni jambo jingine.

Mtume (S.A.W.) alitufunza kufunga na kufungua kwa kuuona mwezi, na Surat al-Hujurat yatuamrisha kuihakikisha habari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua.

Je, tuzitupe simu zetu? La, hasha. Ila kwanza tutazame kwa macho. Huku kwetu karibu na ikweta mwezi mwandamo hulala mfano wa dau, pembe zikiwa juu na tumbo likielekea lilikochwea jua. Utepe wa wingu ambao pembe zake zaelekea jua si mwezi, hata ukimeremeta namna gani. Pili, ile programu ya kuremba picha na izimwe katika mipangilio ya kamera. Tatu, mwenye kupeleka habari kwa sheikh aseme wazi: nimeuona kwa jicho, au nimeuona katika simu tu. Hukumu ya vyombo tuwaachie wenye elimu, na kutangaza tumwachie Mufti.

Mwanafunzi wetu tulirudi naye nje tukatazama pamoja, lakini wingu lilikuwa limetanda. Picha yake hatukuipeleka popote. Tulimshukuru kwa neno lake "sikuuona", kwani lilimgharimu furaha ya kuwa wa kwanza katika mtaa, na bado alilisema. Wazazi, wafunzeni watoto wenu kulisema neno hilo.

Wabillahi Tawfiq.