Tuktuk, matatu au feri? Mgeni ajipange mapema Mombasa

MGENI aingiaye Mombasa kwa treni hushangaa kujikuta Miritini, upande wa bara, wala si kisiwani. Kituo hicho cha reli ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria mwaka wa 2017, kiko mbali na katikati ya jiji, hivyo aweza kutafuta matatu au teksi. Nauli ya teksi ni mapatano, nayo yafanywe kabla ya kuingia garini.

Kisiwani, tuktuk ndiyo hufaa zaidi, kwani hupenya msongamano unaoyashinda magari makubwa. Mji wa Kale ni wa kutembelewa kwa miguu; vichochoro vyake ni vyembamba mno. Matatu za Bamburi na Mtwapa huvuka Daraja la Nyali bila taabu kubwa.

Kazi ipo Likoni. Pale hakuna daraja la magari, na waendao Diani hutegemea feri. Waendao kwa miguu huvuka bure, ilhali magari hulipa na, asubuhi na jioni, hukwama katika foleni ndefu. Ndege nayo haimsubiri aliyekwama. Asiye na mizigo mingi aweza kuvuka kwa miguu na kupanda matatu nyingine ng'ambo.

Atokaye Miritini au uwanja wa ndege kwa gari, heri apitie barabara ya Dongo Kundu, ifikayo Kwale kwa madaraja ya Mwache na Mteza pasipo kugusa kisiwa. Dereva asiyeijua njia hiyo, au ajifanyaye haijui, aelekezwe kabla safari haijaanza.