Ukiniuliza kwa nini nikimbie mimi, ulipe wewe

Wiki mbili zilizopita nilituma ujumbe kwenye makundi matatu ya WhatsApp: la mtaa, la tuliosoma pamoja na la familia. Niliandika kwamba nitakimbia kilomita 10 kuchangia matibabu ya watoto wenye maradhi ya moyo, na kila mwenye nafasi aniunge mkono. Nikapata vidole gumba vingi, dua nyingi, na shilingi 200 kutoka kwa mamangu.

Siwalaumu. Kwenye makundi hayo hayo mwezi huu kuna harusi mbili, msiba mmoja, bili ya hospitali na pampu ya maji ya msikiti. Mtu akiona mchango mwingine anapitisha kidole tu. Kisha jioni moja, kwenye kahawa, rafiki yangu akaniuliza waziwazi: "Sheikh wangu, sasa wewe ukimbie, mimi nilipe? Si utoe pesa yako ukalale?"

Swali ni la haki. Mbio za aina hii si ngeni kwetu. Hospitali ya Mater kule Nairobi ilianza zake mwaka 1993 kusaidia watoto wenye maradhi ya moyo, na huko mtu hununua fulana akashiriki. Hii yangu ni njia nyingine: mkimbiaji hutafuta wadhamini. Unaahidi kiasi kwa kila kilomita. Ukisema shilingi 50, nikimaliza zote 10 unatoa 500. Nikiishia ya sita, 300. Asiyetaka hesabu hutoa kiasi kimoja, yakaisha. Miguu yangu haiponyi mtoto, nakubali. Lakini imenipa sababu ya kukugongea mlango, nawe ukapata nafasi ya kuuliza ni maradhi gani hayo.

Wako watoto wanaozaliwa na tundu kwenye moyo. Wengine huzaliwa wazima, maradhi yakaanzia kooni. Koo likishikwa na aina fulani ya bakteria na lisitibiwe, wiki mbili tatu baadaye kinga ya mwili huweza kukosea adui ikashambulia viungo na moyo wenyewe. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi, na huwapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15. Goti huvimba, likipoa linavimba jingine. Maumivu hayo hupita. Kinachoweza kubaki ni makovu kwenye vali za moyo, zile zinazofungua na kufunga kupitisha damu. Vali isipofunga sawasawa damu hurudi nyuma, na mtoto anahema kwa kupanda ngazi tu.

Naijua habari hii kwa sababu ya mpwa wangu, msichana wa miaka 11. Alipoumwa koo na homa, mimi ndiye niliyemwambia dadangu: ni koo tu, mpe maji ya chumvi, likizidi akakatwe kimio. Magoti yalipovimba tukasema ameanguka akiruka kamba, akakandwa mafuta. Siku alipofikishwa kwa daktari moyo ulikuwa umeshaguswa. Sasa anachomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki nne, na atachomwa kwa miaka, ili maradhi yasirudi kuharibu zaidi. Si kila koo ni hilo. Mengi hupona yenyewe. Lakini kukata kimio hakuui bakteria, na mzazi hawezi kutofautisha kwa macho. Dawa ya koo ni pesa ndogo. Upasuaji wa vali huuza shamba.

Basi nimeacha makundi. Nampigia mtu mmoja mmoja, namsalimu, namweleza kama nilivyokueleza wewe, kisha nataja kiasi: "Naomba shilingi 30 kwa kilomita, ukiweza." Kutaja kiasi kuliniona haya mwanzo, lakini mtu hukwama pale asipojua kinachotosha. Akisema hana, namshukuru na simrudii. Pesa haipiti kwenye simu yangu. Kila mtu anatuma mwenyewe kwenye Paybill ya hospitali inayotibu watoto hao, baada ya mbio, na ujumbe wa uthibitisho unabaki kwake. Tumeumwa na michango mingi isiyojulikana ilikoishia. Ndugu mmoja aliuliza kama anaweza kuihesabu kuwa zaka. Mimi si mwanachuoni. Nikamwambia amuulize imamu wake, mimi naomba sadaka.

Kufikia jana wameahidi watu 14. Yule wa kwenye kahawa ni wa mwisho, na ndiye mkubwa wao: shilingi 100 kwa kilomita, kwa sharti kwamba nilizotembea hazihesabiwi. Akiangalia tumbo langu, anasema atanifuata na tuktuk kuhakikisha.