Unauza laptopu za mtumba? Kagua Windows kabla hujapost

Wapambanaji wenzangu, laptopu ikiingia dukani kwangu siipigi picha mpaka niikague Windows yake. Tangu Windows XP ya 2001, Microsoft wanaufunga ufunguo wa herufi na namba 25 kwenye mashine. Ukirudiarudia kuutumia kwenye mashine nyingine, seva zao zinaweza kuukataa.

Fanya hivi: bonyeza kitufe cha Windows na R pamoja, andika slmgr /xpr, bonyeza Enter. Ikisema "permanently activated", haina kikomo. Ikikupa tarehe ya kuisha, mara nyingi ni leseni ya maofisini ya siku 180, au imechakachuliwa kuiga hiyo.

Mwambie mteja ukweli kabla hajalipa. Kesho yakimtokea maandishi ya "Activate Windows" pembeni ya skrini, atakayeitwa tapeli kwenye komenti ni wewe, siyo fundi aliyechakachua.